Mawingu Juu ya Mpunga Wako

Kaka Komora,

Mpunga wako umekufa. Nakuambia mimi mdogo wako, kwa sababu mkeo Hadhe hataki tena kulitaja shamba lile. Alilipanda mwenyewe baada ya kukuzika, kwa mbegu ulizoacha kabla mafuriko hayajaipindua boti yenu.

Kamera yako ya kurusha angani ninayo mimi. Watu wa Garsen bado wanaiita ndege ya Komora. Nakumbuka ulivyonifundisha, tumesimama kwenye matope: jani zima hurudisha mwanga mwingi ambao jicho halioni ila kamera inauona, na jani linaloanza kuugua hurudisha kidogo, hata kama bado ni kijani. Ukiliona mapema, unang'oa mashina machache tu, shamba linapona. "Lakini ngoja jua litulie," ulisema. "Wingu likipita, hata mpunga ulio mzima utauona mgonjwa."

Jua halikutulia, Kaka. Tuliposikia ugonjwa wa majani ya manjano umeingia mashamba ya majirani, mawingu yalikuwa yakipitapita kutwa. Kila siku nilikipiga picha kile kibao chako cheupe ili kamera ijue ukali wa jua, nikairusha. Haijafika katikati ya shamba, kivuli kimeshaingia. Leo picha inaonyesha ugonjwa upande wa mto, kesho upande wa barabara. Niliingia majini, nikakagua kwa macho. Kijani kitupu.

"Wifi, ning'oe wapi?" Hadhe aliniuliza.

Picha hazikukubaliana. Tungeng'oa kwa kubahatisha, tungemaliza mpunga ulio mzima na kuacha ulio mgonjwa. Tukangoja. Ningefanya nini kingine? Bado nakuuliza.

Siku mbingu ilipofunguka, jua la saa sita lilikuwa lile ulilolipenda, halina wingu hata moja. Sijawahi kupiga picha safi kama ile. Ugonjwa ulikuwa umeenea kutoka mtoni hadi barabarani. Hadhe aliitazama.

"Jua limekuja kutuonyesha maiti," akasema.

Hakulia. Alifunga nguo za watoto, akaenda kwa mamake kule Kinakomba. Nyumba yako imefungwa, Kaka. Jirani yetu Guyo aliomba aingize ng'ombe wake shambani, maana malisho yao yamekauka. Nikamruhusu. Walau wao wale. Lakini niliposikia wanavyotafuna, niliondoka kabla hawajamaliza.

Watu wananiambia nijaribu tena msimu ujao. Nawaitikia tu. Sijui kama nitairusha tena kamera yako.

Sina habari njema ya kukuletea, nisamehe. Pumzika. Kabla ya mvua nitakwenda Kinakomba. Sitamweleza Hadhe mambo ya mwanga. Nitashika jembe, nilime naye palipo na kipande cha ardhi, na wanao nitawatazama kama wangu. Shamba siwezi kukuahidi. Hilo naweza.

Mdogo wako,
Habone