Clovis na Saa ya Drapo

Makomeno, Lubumbashi
Tarehe 9 Marsi 1976

Mpendwa yaya Mwape, mukubwa wangu,

Hapana, yaya. Shofere Kalaba anarudia kwako Kasumbalesa bila imbwa, na kosa si yake. Alifika vile ulimutuma, kamba mu mukono, akasema: "Yaya yako anasema hivi: kama ile imbwa iko muoga tu, nimurudishe, yeye atamumaliza." Mi nikamuambia: keti kwanza, kula bukari, niandike jibu. Sasa iko anakula. Anakula sana, njo maana barua itakuwa murefu.

Bon, nimeruka salamu kama muntu hakulelewa. Habari ya huko mupakani? Ule mugongo wako umeachilia? Bibi yako na batoto bako na afya? Sisi huku tuko bazima. Mama iko muzuri, goti tu njo inamusumbua, lakini hata ile iko na faida: goti ya Mama inajua mvua mbele ya radio.

Turudie kwa imbwa. Unajua sababu tulikulomba ile mutoto ya imbwa. Mi muntu wa kutembeza bintu: leo sabuni, kesho tambi za taa, kesho kutwa napakia mayai ya kutokosha pa kinga, baiskeli yangu, naenda kuuzisha banafunzi ku Kasapa. Bibi yangu Chileshe anabakia mu lupango, mu kiwanja yetu, yeye na Mama, basi. Ule mwezi bezi baliruka ukuta, bakabeba sufuria ya bukari na bukari ndani, moto vile vile. Tangu ile siku Chileshe alilala na mwiko chini ya muto. Mi mwenye kulala pembeni ya ule mwiko niliogopa kuliko bezi.

Ukatupatia Clovis, ukasema mama yake anakamataka bezi pa depo yako. Jina tulimuachia ile ya kizungu. Sisi bote majina zetu za batizo serikali ilizikatala, hata mi Jeannot pa karte ya kitambulisho niko muntu mwingine kabisa, lakini imbwa hana karte. Nani atamuuliza?

Lakini yaya, mwanzo ilikuwa aibu. Clovis aliogopa kinga, aliogopa toroli, aliogopa nguo pa kamba. Kuku ya jirani ilimukimbiza mpaka chini ya kitanda, na kuku ikabakia pa mulango inamungojea. Mi nikasema nitamutembeza mu kartie, mu mitaa, azoee. Nikavuta kamba. Akaketi. Nikavuta tena, akakuya ameketi vile vile, anachora mustari mu muchanga na matako mpaka pa kona. Bantu balicheka. Nikamubeba pa bega. Tata Godefroid, ule muzee mwenye kusukuma makala ya kupikia pa kinga, akanipigia kelele:

"Jeannot! Leo unauzisha nyama?"

"Ndiyo, tata, bei ya kutupa! Lakini inavuja!"

Na kweli ilikuwa imevuja, shati yote.

Sasa sikia. Weye unajua vile asubuhi iko hapa kwetu. Drapo, ile bendera, inapanda pale mbele ya biro, ofisi ya kartie, filimbi inalia, na kila muntu anasimama pale filimbi imemukuta: wa kinga, wa toroli, mama wa mikate ya kukaanga na kijiko yake juu ya mafuta. Ukitikisika, umejitafutia matata. (Ile habari yako nitairudilia, usikimbie.) Siku moja tuko mu njia, mi na Clovis, filimbi ikalia. Clovis akaruka, kamba ikanitoka. Na mi siwezi kumufuata! Nikasimama kama muti ya umeme, macho tu njo yalikimbia.

Akakimbia, yaya, akakimbia. Kisha akasimama yeye mwenyewe katikati ya barabara. Akaangalia huku, akaangalia kule. Hakuna kintu inatembea. Kinga zote kimya. Toroli kimya. Dunia yenye ilikuwa inamutisha imekauka. Akaenda pole pole mpaka pa Tata Godefroid, akanusa mupira ya kinga, akanusa gunia, akanusa kiatu. Kisha akachuchumaa, akakojolea ile kiatu. Na tata hawezi hata kumeza mate! Macho yake yaliniambia maneno yenye siwezi kuandika hapa, juu batoto bako banasomaka barua zangu.

Mi nilirudia nyumbani nacheka. Chileshe alikuwa pa mulango ya lupango, aliona yote, yeye hakucheka.

"Umeona?" akaniambia. "Haogopi bantu. Anaogopa bantu benye kutembea."

Yaya, mi na ile imbwa tulilala nyumba moja, ile kintu sikuiona. Tangu pale Chileshe akakamata kamba, akaniambia niende zangu na mayai yangu. Kila asubuhi, mbele ya filimbi, anatoka na Clovis. Kwanza pa mulango tu. Filimbi inalia, njia yote inasimama, yeye anasimama, na kamba anaiachilia murefu, imbwa atembee kati ya bantu kama shefu anakagua jeshi. Akiketi, hamuvuti. Hamugombezi. Anaangalia pengine, kama muntu anangojea jirani. Mpaka imbwa mwenyewe anachoka kuogopa.

Kesho yake banasogea kidogo, pa mama wa mikate. Kisha pa toroli. Kisha pa kona kwenye kamio, zile lori, zinapitaka.

Na ile ya kuzoea bantu benye kutembea, unajua alifanya nini? Alienda kuona Tata Godefroid, yeye wa kiatu, na kipande ya sabuni mu mukono (ya kwangu, hakunilomba). Akamuambia: "Tata, pole na kiatu. Sasa unisaidie: drapo ikiisha kupanda, weye uanze kutembea wa kwanza, lakini pole." Na muzee akakubali! Halafu mama wa mikate naye akaingia mu ile mambo. Ungeona, yaya: filimbi ya pili, ile ya kuachilia bantu, inalia, zamani bantu balikuwa banaruka kama maharagi mu chungu, sasa banaanza moja moja. Tata anasukuma kinga, Clovis anaangalia. Kisha toroli, Clovis anaangalia. Kisha mama wa mikate anamutupia kipande. Avenue muzima inatembea kwa kipimo ya imbwa moja. Mi nimeuzisha bintu hapa miaka yote, sijapata hata muntu mumoja wa kunipunguzia mwendo.

Siku ingine kijana mumoja wa chama, mwenye kulinda drapo, akakasirika. Akakuya mbio: "Sitwayene, mwananchi! Hapa munaheshimu bendera ao munaheshimu imbwa?" Mi nikarudi nyuma ya kinga yangu. Chileshe hakutikisika.

"Sitwayen," akasema, "kesho ikilia filimbi, angalia nani anasimama wa kwanza."

Kesho yake ule kijana alisimama anaangalia. Filimbi bado haijamaliza kulia, Clovis ameketi, anangojea kipande yake, kifua mbele, masikio juu. Sisi bengine tulikuwa tungali tunatafuta pa kuweka miguu. Kijana akasema: "Ile imbwa iko na nidhamu." Tangu ile siku anamusalimiaka.

Na leo, Kalaba atakuambia mwenyewe, kama hana haya. Kamio yake ilifika pa lupango, akapiga honi ile ya kuamsha bafu mu makaburi. Zamani Clovis angekuwa chini ya kitanda, na kuku pa mulango. Leo alitoka, akasimama mbele ya Chileshe, akabweka. Sauti bado iko ya mulango wenye kutu, sidanganyi, iko mutoto. Lakini hakurudi nyuma hata kidogo. Na Kalaba, muntu mukubwa vile, na ile kamba yake, akafunga kioo: "Jeannot! Jeannot! Kamata imbwa yako!"

Njo ule muoga ulitaka kumaliza?

Mwiko umerudia mu jikoni, yaya. Chileshe analala. Mi pia nalala.

Usalimie bibi yako, na Musonda wa pa depo yako, mwenzangu wa kucheza dama, umuambie bado sijasahau vile aliiba kete. Mama anasema Mungu akupe mugongo ya chuma na njia ya kurudia kwake. Ile "njia ya kurudia" aliisema mara mingi, nimeandika moja tu.

Sasa ile habari yako. Tangu siku ulipita unaongea bila kuona drapo, bakakurukisha kama chula mbele ya bamama ba soko, hujalala tena Makomeno. Unakuyaka nyuma ya saa sita, kama mvua, mbele ya giza umeenda. Mama anapika, unakula umesimama. Hatukuchekaka, yaya. Kidogo tu, na mi peke yangu.

Basi mi muntu wa biashara, nakupa biashara. Ukuye siku ya ine, Alhamisi, ulale hapa. Asubuhi weye njo utashika kamba ya Clovis, utoke naye, mungojee filimbi pamoja, Chileshe atakuwa pembeni. Kama imbwa anatetemeka, umukamate uende naye, na kinga yangu uibebe pia. Lakini kama ni weye unatetemeka, imbwa anabakia kwetu, na weye unabakia mpaka siku ya mungu, Jumapili, utoke naye kila asubuhi. Chileshe anasema hatakuvuta kamba.

Mudogo yako mwenye kukupenda,
Jeannot, mwenye kinga mpaka ile siku