Aliyekula Kitfo Ijumaa

Duka la Viungo la Yeshi,
Piassa, Dessie, Ethiopia.
24 Megabit, 2016 kwa kalenda ya kwetu

Mpendwa mdogo wangu Mulu,

Pokea salamu za nyumbani. Hujambo huko Beirut? Mgongo umepoa? Na yule mama unayemfanyia kazi, siku ya kupumzika anakupa? Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini kanisani anakwenda, na mfungo mkuu anaufunga kuliko sisi vijana.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Nimempa Lemlem, binti wa jirani anayerudi huko kazini, nikamwambia akukabidhi wewe mwenyewe mkononi. Simu siiamini tena.

Ilianzia kwa Girma, muuza mashuka wa mlango wa pili. Mteja wake wa siku nyingi alimwandikia kwamba kuna tarakimu sita zimeingia kwenye simu ya Girma kwa bahati mbaya, amrudishie. Akarudisha, kumbe ndizo ufunguo wa akaunti yake ya ujumbe. Jioni alikuwa ametolewa kwenye akaunti yake mwenyewe, na mtu asiyemjua anawaandikia wateja kwa jina na picha yake, akidai malipo ya mashuka ambayo hayapo. Mpaka leo watu wanakuja kumtukana mlangoni.

Mimi nikaweka neno la siri kwenye akaunti ya duka, nikaondoa kila kompyuta iliyounganishwa nayo. Pilipili yangu ya berbere haitoki dukani mpaka nisikie sauti ya mteja. Girma ananicheka. Juzi aliwaambia watu, "Huyu Yeshi siku hizi hata ukimsalimia anataka kitambulisho." Acha acheke, aliyeibiwa ni yeye.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita ukaniandikia wewe. Ulisema umechoka, ila umekula kitfo tamu, nyama laini na siagi ya kutosha. Ijumaa hiyo, tena katikati ya mfungo, nyama na siagi zikiwa mwiko! Kisha ukasema tarakimu sita zimekuja kwangu kwa makosa, nikutumie haraka. Nikapiga, simu ikaita weee, hukupokea. Ukaandika kwamba mtandao ni mbaya. Kila nilipopiga ilikuwa hivyo hivyo. Huo mtandao gani, mbaya kwa sauti, mzuri kwa maandishi?

Tarakimu sikutuma. Duka limesalimika, nikajiona mjanja. Halafu ujanja wote ukaniishia, nikaanza kuogopa. Kama hukuwa wewe, simu yako anayo nani? Na wewe uko wapi?

Lakini wewe na siagi nawajua. Ulipokuwa mdogo Mama alikukamata nyuma ya ghala ukilamba siagi, katika mfungo huu huu. Alichokufanya siku ile tunakijua watatu tu. Sikiandiki hapa, maana barua nazo hufunguliwa. Mwambie Lemlem kwa mdomo, naye atanipigia nimsikie, nijue ni wewe kweli.

Mama sijamwambia kitu. Anakuombea kila asubuhi, na amesema nafasi yako mezani siku ya Pasaka haikaliwi na mtu. Shangazi Askale naye anakusalimu, anauliza kama umenenepa.

Kama ni wewe uliyekula, sitakusema kwa Mama wala kwa padri. Kula kitfo mfungo mzima, mdogo wangu, ilimradi uwe ni wewe.

Mungu akufunike popote ulipo.

Wako akupendaye, asiyelala vizuri mpaka akusikie,
Dada yako Yeshi