Saa Iliyo Nyuma Yako

Keroka, Jumapili

Kaka Obwocha,

Huku mvua imerudi na majani ya chai yamechipua vizuri. Ng'ombe wa Mama amezaa ndama jike.

Ile video ya sherehe ya binti yako Kerubo uliyonitumia kutoka Amerika, niliitia kwenye DVD hapa dukani ili Mama aitazame kwa televisheni yake ya zamani. Nilikosea. Video yako ni pana, nami nikaiacha kompyuta iibane itoshee kioo chembamba. Watu wote wakatokea warefu, wamekonda, na saa ya ukutani nyuma yako ikawa kama yai.

Mama alitazama kidogo tu akasema, "Mtoto wangu anaumwa."

Nilicheka. Nikamwambia ni kosa langu, nitarekebisha. Tangu siku hiyo Mama huisimamisha picha kwenye uso wako, huweka mkono juu ya kioo na kukuombea.

Jana niliirekebisha. Niliacha ukanda mweusi juu na chini, picha ikapata upana wake. Nikapima ile saa kwa rula: duara kamili. Kerubo ana mashavu, na mkeo ni yule yule mnene tunayemjua.

Wewe hukubadilika, kaka. Shati bado linaning'inia, na mishipa ya shingo naihesabu.

Nipigie mimi kwanza. Mama nimemwambia kazi ya kuirekebisha imenishinda. Diski nzuri nimeificha, nikamwachia ile mbovu, maana humo kila mtu amekonda.

Dada yako,
Bonareri