Viti vya Ndege Kongwe

Jumamosi, baada ya isha

Nimekunywa maji, nimeswali, bado moyo unachemka.

Leo makumbusho wamefungua ile ndege yao kongwe watu waione. Ni ya abiria wa enzi za babu, injini tatu, mwili wa bati kama paa la nyumba. Abiria walikuwa wanaipanda na pamba masikioni kwa kelele zake. Viti vyake vya ngozi nimevishona mimi, hapahapa mtaani kwetu Bertrams. Kila kimoja nilikikalia kukijaribu kabla hakijatoka, ndivyo mafundi wa Tanga walivyonifunza.

Sasa mtembeza wageni anawaambia watu, bila haya: "Viti ni vilevile vya zamani, havijaguswa."

Havijaguswa! Na vidole vyangu hivi vilivyojaa matundu ya sindano?

Nikaenda nikakaa kwenye kimojawapo. Mlinzi, jirani yangu Mkongo, akanijia kwa aibu: "Pardon, mama, usiikale. Chef iko anaangalia." Nikainuka kwa kumhurumia yeye tu.

Jioni huyohuyo chef, bosi wao, kanipigia simu. Mshono wa kiti cha mbele umeachia, niwahi kesho kabla ya wageni.

Nitawahi. Nitaushona. Halafu nitakikalia kama nilivyofunzwa, na wageni watanikuta hapohapo.