Proksi Niliyoizima Leo

Jumapili, Ngamiani

Basi nimeizima. Si seva yenyewe, ile mashine ya nyumbani; picha zetu bado zimo humo. Nimezima ile proksi tu, inayohifadhi kurasa ili mwingine wa nyumbani akizifungua, bando lisiliwe mara ya pili.

Niliiweka kwa ajili ya Zuhura na watoto. Mmoja akifungua somo, mwenzake analipata papo hapo. Sasa Zuhura yuko kwao Pangani na watoto, na talaka yake anayo. Namhifadhia nani kurasa?

Mchana binti yetu Mwanaidi alinipigia. "Shikamoo baba. Huku masomo yanazunguka tu, hayafunguki. Si utuletee ile mashine?"

"Marahaba mwanangu. Muulize mama kwanza."

Nilimsikia akiuliza. Zuhura akachukua simu, akanisalimia vizuri, akamuulizia hata mama yangu. Kisha akasema taratibu, "Usiilete, Baba Mwanaidi. Ukiileta, utakuwa unakuja kuitengeneza."

Ndivyo hasa nilivyokuwa nimepanga. Nikamuaga, nikaenda kuizima proksi.