Mmiliki: Kulwa

Jumapili, alasiri. Chemchem, Tabora. Upepo umejaa vumbi, mabati ya jirani yanagongana.

Naogopa. Bora niseme mapema, nisijifanye shujaa.

Kesho asubuhi mama anafanyiwa upasuaji wa tezi la shingo. Daktari hakuzungusha maneno: sauti inaweza isirudi kama ilivyokuwa. Ndiyo maana wiki nzima nimekuwa namrekodi kwa simu. Mama ni mzaliwa wa Goweko, na anazijua nyimbo za njiani za babu yake, aliyekuwa mpagazi wa misafara ya kwenda pwani. Kinyamwezi kitupu. Nyumbani hakuna mwingine anayeziweza hadi mwisho.

Simu yenyewe inazimika inapojisikia. Kompyuta ya mezani nayo, diski yake ya ndani imeanza kukwaruza. Pamebaki mahali pamoja tu, diski ya nje ya Kulwa.

Kulwa ni pacha wangu. Yeye alitangulia kuzaliwa, mimi nikafuata nikaitwa Doto, kama ilivyo kwetu. Mwaka juzi akatangulia tena. Sauti yake yote niliyobaki nayo imo kwenye diski hiyo: anacheka, anamtania mama, anasoma somo kanisani.

Mchana nimeichomeka, nikaburuta rekodi ya kwanza. Kompyuta ikakataa: huna ruhusa ya kuandika. Nikafungua sifa za diski nione kuna nini.

Mmiliki: kulwa.

Jamani! Nimekaa nalitazama jina hilo mpaka chai ikapoa.

Nikampigia Masanja, fundi wa Igunga aliyetuwekea mfumo wa Linux kwenye kompyuta zamani. Akasema dawa ni kubadilisha mmiliki kwa amri moja ya msimamizi, ndani yake niweke jina langu. Akanionya nisome herufi moja moja, maana amri za namna hiyo haziulizi mara mbili. Ee Mungu wangu, kwa nini aliniambia? Nikikosea, Kulwa anapotea. Nisipoandika, mama hana pa kukaa. Na kumfuta jina kwenye kitu chake mwenyewe, wakati koti lake bado linaning'inia msumarini!

Nimeandika amri yote. Nikabonyeza.

Kimya. Nikajaribu tena kuburuta. Huna ruhusa.

Nikamsomea Masanja nilichoandika, herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Akaangua kicheko. "Dada Doto, umeandika kulwa! Umempa mwenyewe kitu chake!"

Kumbe. Tangu utoto watu wanatuchanganya, na mimi naitikia majina yote mawili. Sikujua kwamba hata vidole vyangu vinaitikia.

Akaniuliza kwenye zile sifa za diski, mstari wa kundi, yaani watu wanaoshirikiana diski, unasemaje. Nikasoma: mapacha. Akasema basi Kulwa alishaniweka humo siku nyingi, ila kundi aliliachia kusoma tu. Hakuna haja ya kumtoa. Tulipe kundi ruhusa ya kuandika, yeye abaki mmiliki wake.

Amri ya pili nimeisoma mara sita kabla ya kubonyeza. Nikaburuta rekodi ya mama, na safari hii mstari wa kijani wa kunakili ukaanza kutambaa, taratibu, hadi mwisho. Rekodi kumi na moja zote zimeingia. Za Kulwa zipo, nimezihesabu mara mbili.

Nimelia, sifichi.

Kisha nikafungua moja kuhakikisha inasikika. Kabla ya wimbo mama anakohoa, anauliza, "Kulwa, umeshawasha?" Na mimi nasikika najibu, "Nimewasha, mama." Sikumsahihisha. Nadhani siku ile hata sikusikia.

Sasa amelala chumba cha pili, kanga hadi kidevuni. Hofu haijaondoka, imehama tu kutoka kwenye diski kwenda kwake. Kesho nitakaa mlangoni mpaka wamtoe. Akiniita hata kwa kunong'ona, kwa jina lolote kati ya hayo mawili, nitaitika.