Tulimpiga Mtu wa Boksi

Fort Worth, Jumamosi jioni

Na bado nacheka, ingawa aibu ilianza kwangu.

Tangu muhula uanze Mjomba Elia ananiambia, "Unapinga watu kuruhusiwa kubeba bastola chuoni, na wewe hujawahi kuishika. Ishike kwanza, ndipo nitakuja kusikiliza hotuba zako." Basi, baada ya wiki mbili za mazoezi, leo nimeshiriki mashindano ya klabu yake ya shabaha, nikitumia bastola yake mpya ya kubeba kiunoni. Ni ndogo na nyepesi, utadhani ni kitu cha mchezo.

Si mchezo hata kidogo. Iliruka mkononi mwangu kama inayotaka kutoroka. Risasi mbili zilipata shabaha. Ya tatu ikampiga begani mtu wa boksi aliyepakwa rangi nyeupe, yule anayewakilisha wapita njia wasio na hatia, ambaye hapaswi kupigwa.

"Mwanaharakati, umeua raia!" Mjomba alicheka hadi akavua kofia.

Kisha ikawa zamu yake. Yeye, mwenye miaka kumi ya kubeba silaha, kwa bastola ileile, akampiga raia yuleyule kifuani.

Nilikuwa na hoja bora ya maisha yangu. Nilimtazama tu akiirudisha bastola sandukuni, polepole.

Tukiwa garini, karibu na nyumbani, akauliza, "Jumatatu unahutubia saa ngapi?"

"Saa nane, Mjomba."

"Nitaomba ruhusa kazini. Ila kile kifua nilichokipiga usikitaje."

"Nitataja bega nililolipiga mimi."

Umati haujawahi kunitisha. Yeye kukaa akinisikiliza ndiko kunakonitisha, na nina furaha isiyo na kiasi.